Binti tuliyemwasili halii akianguka, na mimi ananikwepa

Shikamoo Shangazi,

Mimi na mume wangu tuna mtoto wa kiume wa miaka minane. Baada yake sikupata mimba tena, na baada ya kutafakari sana tukaamua kuasili. Mlolongo wake sitausimulia wote: makaratasi, mahojiano, afisa ustawi wa jamii kuja kukagua nyumba, kusubiri simu isiyopigwa. Mwishowe tulisafiri hadi nchi nyingine, tukakabidhiwa binti wa miaka mitatu na nusu aliyekulia katika kituo cha watoto tangu akiwa mchanga. Sasa amekaa nasi karibu mwaka. Nilidhani kazi ilikuwa kumpata.

Juzi alikuwa anakimbia uani, akajikwaa na kuanguka kifudifudi. Goti likachubuka, damu ikatoka. Nilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Hakulia wala hakunitazama. Aliinuka, akajipangusa mchanga kwa viganja, akalowesha kidole kwa mate akakipitisha kwenye kidonda, akaendelea na mchezo. Nilipomkimbilia nimwinue, alikakamaa mwili mzima na kugeuza uso.

Lakini mtu asiyemjua humwendea mbio. Kwenye foleni ya kliniki alipanda mapajani mwa mama mmoja ambaye hatujawahi kumwona, akamkumbatia shingoni. Siku nyingine dukani alishika mkono wa mtu akaanza kuondoka naye, bila hata kugeuka nyuma. Watu husema, "Mtoto mchangamfu huyu!" Mimi roho inaniuma.

Nyumbani humkubali baba yake. Kwangu hataki kulishwa, hataki kuvalishwa, nikimgusa hunisukuma. Chini ya mto wake nakuta vipande vya mkate vilivyoota ukungu. Anakula mpaka anatapika, na bado tukiondoa sahani mezani anapiga mayowe. Usiku hutikisa kichwa huku na huku mpaka usingizi umchukue. Siku za mwanzo alikuwa akijizungumzia kwa lugha yake na kuimba wimbo mmoja mfupi. Sasa ameacha kabisa. Lugha yetu anaielewa, ila maneno anayotamka ni machache kuliko ya watoto wa rika lake.

Mama mkwe huja kila mwisho wa wiki. Anambeba, anamlisha, kisha anasema mbele yake kwamba damu ni nzito kuliko maji, tusijichoshe. Njiani watu wakiona rangi na sura yake hazifanani na zetu, huuliza, "Mama yake hasa yuko wapi?" Na mwanangu mkubwa, aliyemsubiri mdogo wake kwa hamu kubwa, aliniuliza wakati naosha vyombo, "Mama, tunaweza kumrudisha?"

Mume wangu ni mtu mwema, lakini anaona tusimweleze binti habari za kuasiliwa mpaka akue. Anasema kumbukumbu zake zitafutika, kwa nini tuzichokoe. Anataka makaratasi yote tuyafungie kabatini.

La mwisho ndilo linalonitia aibu. Sijui kama nampenda. Namwogesha, namlisha, namfulia, na moyoni hamna kitu. Asubuhi nikisikia ameamka, machozi yananitoka. Chakula hakipiti, usingizi hauji hata yeye akiwa amelala. Nilimtaka mtoto huyu kwa miaka. Nikilalamika nani atanielewa? Afisa anayekuja kutufuatilia huwa namwambia mambo ni shwari.

Nisaidie, Shangazi.

Mama wa Wawili

*

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, nami nitaanzia pale ulipomalizia, kwa sababu hapo ndipo penye haraka.

Machozi ya asubuhi, kukosa hamu ya chakula, usingizi kukukimbia na moyo kuwa mtupu kwa muda mrefu ni dalili za sonona. Wengi wanajua kuwa huwapata wanawake waliojifungua. Wachache wanajua kuwa huwapata pia wazazi walioasili, mama na baba, ingawa hapakuwa na mimba wala uchungu. Mzazi anachoka kwa kukesha, amebeba matumaini ya miaka, anakataliwa na mtoto aliyemtafuta kwa udi na uvumba, na mdomo umefungwa kwa sababu kila mtu atamwambia, "Si ulimtaka mwenyewe?" Ni maradhi na yanatibika. Wiki hii nenda kwa daktari, umweleze haya haya uliyonieleza mimi, usiyapunguze. Na likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje miadi. Mwite mumeo, mwende hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu kutompenda, nataka unisikie vizuri. Hukumbeba tumboni, hukuwepo alipoota jino la kwanza, hukusikia neno lake la kwanza. Mmekutanishwa yeye akiwa tayari na hofu zake na mazoea yake, nawe ukatarajiwa umpende tangu mlipotoka uwanja wa ndege. Kuna wazazi ambao huwatokea hivyo. Wengine wengi mapenzi huwajia taratibu, kwa kuogesha na kulisha na kukesha, mpaka siku moja wanajikuta wana wasiwasi mtoto akichelewa kuamka. Kazi hiyo unaifanya tayari, kila siku, na hujalipwa hata tabasamu. Mimi sioni mama asiye na moyo katika barua hii.

Sasa tuje kwenye goti.

Mtoto mchanga hulia kwa kuwa kilio huleta mtu. Analia anainuliwa, analia ananyonyeshwa, tena na tena, na hivyo ndivyo anavyojua kwamba duniani yupo mtu wake. Kituoni, hata kile chenye wahudumu wenye huruma, mlezi mmoja ana watoto wengi, zamu zinabadilika, na chakula huja kwa saa iliyopangwa. Mtoto akilia hakuna anayekuja, au kila mara huja mtu mwingine. Mwisho huacha kulia. Waliotembelea vituo vya namna hiyo wamesimulia jinsi vyumba vyenye vitanda vingi vya wachanga vilivyokuwa kimya. Binti yako aliumia kama mtoto yeyote anavyoumia. Ila hajui bado kwamba maumivu yake ni jambo linalomhusu mtu mwingine.

Haya yamechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1951 daktari wa akili Mwingereza, John Bowlby, aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti iliyosisitiza kwamba mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu, wa kudumu, na mama au mtu anayeshika nafasi ya mama. Kisha utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipoanguka Romania mwishoni mwa 1989, dunia ikaona watoto waliorundikwa vituoni, na wengi wakaasiliwa nchi za nje. Mtafiti Michael Rutter, daktari wa akili za watoto, na wenzake waliwafuatilia waliopelekwa Uingereza tangu utotoni hadi utu uzima. Waliofika kabla ya kutimiza miezi sita, wengi walikua vizuri. Kati ya waliokaa vituoni zaidi ya hapo, wengi walibaki na matatizo fulani, mojawapo likiwa hili la kumwendea mtu baki bila kusita. Lakini hata katika kundi hilo walikuwepo ambao hawakuonyesha tatizo kubwa kila walipopimwa, na waliokuwa nyuma kiakili utotoni wengi waliwafikia wenzao walipokuwa watu wazima.

Nimekuwekea yote mawili kwa makusudi. Binti yako alifika akiwa na miaka mitatu na nusu, na sitakudanganya kwamba mwaka mmoja wa nyumba nzuri hufuta miaka hiyo. Wala usimsikilize anayekuambia kwamba mtoto wa kituoni ameshaharibika.

Kwa hiyo akianguka, nenda. Hata asipolia, nenda. Piga magoti ili macho yenu yawe sawa, mwambie, "Pole, umeumia. Mama yupo." Osha kidonda, weka plasta hata kama hakihitaji plasta. Akikakamaa usimng'ang'anie, kaa hapo karibu naye, umalize kazi yako polepole. Fanya hivyo kila mara, hata kwa mchubuko usioonekana. Siku akianguka akakutafuta kwa macho kabla ya kuinuka, jua kuna kitu kimeanza. Na siku akiangua kilio cha kelele huku anakuita, shukuru Mungu, maana hapo ameamini kuwa kilio chake kina pa kwenda.

Lile la kuwakumbatia wageni linatoka hapo hapo. Mtoto asiyekuwa na mtu wake hujifunza kumfurahisha yeyote anayepita, kwa kuwa yeyote anaweza kuwa ndiye mwenye chakula leo. Watu wanaomsifu hawajui wanachosifu, na usiwachukie kwa hilo. Lakini ni hatari kwa usalama wake, na linachelewesha kukujua wewe. Dawa yake ni kuupunguza mduara. Kwa miezi kadhaa ijayo, wewe na baba yake peke yenu ndio mumlishe, mumwogeshe, mumlaze, mumbebe na kumbembeleza. Wengine wote, hata wanaompenda, wampungie mkono, wacheze naye mpira, wamsomee kitabu mkiwepo. Akiomba chakula kwao au kutaka kubebwa, wamwambie kwa upole, "Nenda kwa mama," na wamwelekeze. Punguzeni safari, sherehe na wageni wa kulala. Mkitoka, mkono wake uwe mkononi mwenu. Mtu akitaka kumpakata, mna haki ya kusema, "Samahani, bado tunamfundisha kuja kwetu."

Najua utafikia wapi hapa: kwa mama mkwe. Mumeo ndiye azungumze naye, kwa kuwa ni mama yake, na azungumze kabla hajafika, isiwe mezani mbele ya watoto. Amwambie, "Mama, mtoto huyu amepita mikononi mwa watu wengi mno. Tunakuomba kwa muda umwachie mama yake kumlisha na kumbeba, ili ajue mama yake ni nani. Halafu tutakuhitaji zaidi ya sasa." Ampe na kazi inayomfaa: mjukuu wake mkubwa anamhitaji, naye nitamrudia. Ile habari ya damu na maji ikome, mbele ya mtoto na nyuma yake. Umesema mwenyewe kwamba anaelewa zaidi ya anavyosema. Hapo mumeo asirembe maneno.

Kumkubali baba ni habari njema, hata kama inakuchoma. Maana yake anaweza kumkubali mtu. Mara nyingi mtoto wa kituoni amelelewa na wanawake watupu, wakamjia na kuondoka, na huenda mmoja wao alimzoea hasa, kisha siku moja akapandishwa gari akiwa na nyinyi. Anayemkwepa mama mpya mara nyingine anamwogopa mama atakayeondoka tena. Kuna na wanaomlilia yule wa kwanza bila kuwa na namna ya kusema. Sasa baba yake asijivunie, wala asijitoe. Afanye kazi ya kumleta kwako. Binti akiomba maji kwake, aseme, "Twende kwa mama atupe maji," waje wote wawili. Wakati wa chakula yeye akae upande mmoja, nawe umlishe vipande viwili vitatu kwa mkono wako, kisha umwache ale mwenyewe. Baada ya kuoga umpake mafuta taratibu, uanzie na vidole vya miguu ikiwa mikono hataki, huku ukivitaja kimoja kimoja. Mtoto asiyependa kukumbatiwa mara nyingi huvumilia kupakwa mafuta au kuchanwa nywele, kwa kuwa ni kugusa kwenye shughuli. Chukua hicho kidogo.

Mkate chini ya mto usiufanye kesi. Aliyewahi kushinda na njaa hawezi kuambiwa tu kwamba chakula kipo, lazima akione. Weka bakuli au kikapu mahali anapofikia, chenye kitu kisichoharibika upesi, na umruhusu achukue wakati wowote. Mwonyeshe ukikijaza. Hata kitandani alale na kimoja akitaka, wewe utabadilisha kilichochakaa bila maneno. Mezani usiinyakue sahani. Mwambie kwanza, "Tumemaliza, na jioni tutakula tena," mwache aipeleke mwenyewe jikoni. Usimfiche chakula wala kumwadhibu kwa kukosa chakula, hata kwa mlo mmoja. Akiendelea kula mpaka kutapika, mwelezeni daktari wa watoto.

Usiku, kama analala chumbani peke yake, mtoeni huko. Amezoea kulala kwenye chumba chenye pumzi za watoto wengi. Tandikeni godoro lake karibu na kitanda chenu, taa hafifu iwake, na akianza kutikisa kichwa uweke mkono wako karibu na wake bila kumkemea.

Akipandwa na hasira, msimfungie chumbani wala kumwambia akae peke yake mpaka atulie. Kwa mtoto aliyeachwa, adhabu ya kuachwa huthibitisha hofu yake. Kaa naye chumba hicho hicho, ongea kidogo. Viboko msiguse kabisa. Na neno "tutakurudisha" lisitoke mdomoni mwa mtu yeyote katika nyumba hiyo, hata kwa mzaha.

Hilo linanileta kwa kijana wako. Swali lake ni la haki. Aliahidiwa mdogo wa kucheza naye, akaletewa mtoto anayepiga mayowe na kumchukua mama yake kutwa nzima. Usimwambie ni mbaya kusema hivyo. Mwambie, "Najua ni vigumu, nami nimekukosa pia. Hatumrudishi, kama ambavyo hatungekurudisha wewe." Ile sehemu ya pili anaihitaji kuliko unavyodhani, kwa sababu mtoto anayeuliza kama mdogo wake anaweza kurudishwa anajiuliza vilevile kuhusu nafsi yake. Kisha mtengee wakati wake bila mdogo wake, kila wiki, usioahirishwa, na hapa ndipo bibi yake atakuwa msaada mkubwa. Msimfanye mlezi msaidizi. Ana miaka minane.

Lugha yake kunyamaza si ajabu, na hutokea haraka sana. Watafiti wa Ufaransa walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa vijana waliozaliwa Korea na kuasiliwa na familia za Ufaransa wakiwa na miaka kati ya mitatu na minane. Walipokuwa watu wazima hawakuitambua tena Kikorea kati ya lugha nyingine ngeni, na hata picha za ubongo hazikuonyesha tofauti. Lakini mwaka 2014 wengine Kanada walichunguza wasichana waliozaliwa China, wakaasiliwa wakiwa wadogo na kukua kwa Kifaransa peke yake. Hawakukumbuka neno hata moja la Kichina, ila ubongo wao ulipokea sauti za lugha hiyo kama wa wasichana wanaoizungumza. Kwa hiyo ule wimbo mfupi, kama unaukumbuka hata nusu yake, urekodi sasa hivi kwa simu, hata kwa sauti yako mwenyewe. Tafuta nyimbo za watoto za lugha yake, zicheze nyumbani mara moja moja, umtazame. Kuna watoto hufurahi. Kuna ambao huogopa, wakidhani wanarudishwa. Akiwa hivyo, zima, ujaribu tena baada ya miezi.

Maneno kuwa machache usiyaachie wakati peke yake. Mtoto aliyeacha lugha moja kabla ya kushika nyingine huwa kwa muda hana lugha iliyokamilika, hilo ni la kawaida, lakini baada ya karibu mwaka apimwe masikio. Maambukizi ya masikio yasiyotibiwa ni mengi vituoni na hupunguza usikivu kimyakimya. Kama hajapimwa upya tangu afike, daktari amwangalie pia macho, minyoo, wingi wa damu, kifua kikuu, homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI, na achunguze kama chanjo zilizoandikwa kwenye cheti chake alizipata kweli. Vipimo vingine hurudiwa miezi kadhaa baada ya kuwasili, kwa hiyo vya mwanzo visikutoshe.

Sasa mumeo na kabati lake. Nia yake ni kumkinga, naiheshimu, lakini hapa simuungi mkono hata kidogo. Umesema sura zenu hazifanani na watu wanauliza njiani mbele yake. Binti huyu atajua, na kama hatajua kwenu atajua kwa mtoto mwenzake shuleni, tena kwa maneno ya kumuumiza. Siku hiyo hatauliza tu alitoka wapi. Atauliza mmemficha nini kingine. Wala si suala la hiari ya wazazi tu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989 unampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana, na kulinda utambulisho wake. Mkataba wa The Hague wa 1993 unaohusu kuasili kati ya nchi na nchi, katika ibara ya 30, unazitaka mamlaka kuhifadhi taarifa za asili ya mtoto. Taarifa hizo ni zake. Nyinyi mnamtunzia.

Anza kumwambia sasa, angali hajui kama ni habari ya kushtusha. Maneno yawe machache na ya kweli: "Ulizaliwa na mama mwingine, katika nchi nyingine. Hakuweza kukulea. Ukaishi nyumba ya watoto wengi. Halafu mimi na baba tukaja kukuchukua, na sasa sisi ni wazazi wako siku zote." Rudia mara nyingi, kama sehemu ya hadithi za kulala, na kila mwaka uongeze kidogo. Yapo mambo mawili ningekuomba uyaepuke. Usimwambie mama yake alimwacha kwa sababu alimpenda sana, maana atahofia siku na wewe utakapompenda sana. Na usizibe mapengo kwa hadithi za kubuni, usilolijua sema, "Hilo sijui, na ningependa kujua pia." Usimseme vibaya mama huyo, hata siku umechoka.

Makaratasi yatoeni kwenye giza. Amri ya mahakama, cheti cha kuzaliwa, ripoti za kituo, picha, nguo alizokuja nazo, jina la mlezi wake kama mlipewa: yote myahifadhi vizuri na mfanye nakala zaidi ya moja. Lile la uraia lihakikisheni kwa maandishi, msidhani limekamilika kwa kuwa amevuka mpaka na pasipoti. Marekani wapo watu walioasiliwa wadogo kutoka nje, wakakua huko, kisha ukubwani wakagundua kuwa wazazi wao hawakuwahi kuwakamilishia uraia. Sheria ya mwaka 2000 iliwasaidia wengi, ila iliwaacha waliokuwa wameshafikisha miaka 18 ilipoanza kutumika Februari 2001, na baadhi yao wamefukuzwa kwenda nchi wasizozijua. Ulizeni mamlaka za kwenu, mpewe cheti mkononi.

Wanaouliza njiani "mama yake hasa" hawadai historia ya mtoto. "Mama yake ni mimi" inatosha, kwa sauti ya kawaida, kisha uendelee na safari yako. Kumbuka jibu hilo analisikia yeye kabla ya aliyeuliza.

Limebaki la afisa. Umekuwa ukimwambia mambo ni shwari, nami naelewa hofu: kwamba ukisema ukweli ataandika huwezi, mtoto achukuliwe. Mtoto anayeficha mkate na mama anayelia asubuhi si habari ngeni kwake. Ameziona katika nyumba nyingi zilizosimama imara. Nchi alikotoka binti huenda inadai ripoti za ufuatiliaji, na ripoti zinazosema kila kitu ni kizuri haziletei familia msaada wowote. Huyo ndiye anayejua mtaalamu wa watoto walioasiliwa anapatikana wapi na wazazi wengine wanaokutana wapi. Usingoje ziara yake ijayo. Mpigie simu, umwombe aje mapema, na mumeo awepo. Kama kusema kwa mdomo kutakushinda, mpe barua hii hii uliyoniandikia mimi, aisome.